Miaka Thelathini na Mmoja ya Kutunyima Ruhusa

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Phyllis Wachuka anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mmoja. Katika muda huo amewanyima ruhusa madaktari wakuu wanane, wahasibu wote bila ubaguzi, na kasisi mmoja.

Aliajiriwa mwaka 1994 kubeba mafaili ya wagonjwa katika ofisi ya rekodi. Seva ya Unix, kompyuta kuu ya kutunzia rekodi, ilipoletwa, alihitajika mtu wa kuhudhuria mafunzo ya wiki tatu. Wenye vyeo walikuwa na shughuli, naye akatumwa. Aliporudi, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akaunti kuu, ile ambayo mashine huitii bila kuuliza sababu. Wenye vyeo waligundua kosa lao wakiwa wamechelewa.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kuvumilia. Kila mtumiaji aliandikwa kwenye orodha ya ruhusa pamoja na amri anazohitaji kwa kazi yake, wala si moja zaidi. Muuguzi alisoma faili za wodi yake tu. Moffat wa stoo aliweza kuchapisha orodha ya dawa, basi. Sababu aliitoa kwa sentensi moja: "Hapa Nyeri kila mgonjwa ni shemeji ya mtu." Mwandishi huyu amewasoma wataalamu wengi wa usalama wa kompyuta, na hajaona aliyelieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Mwenyekiti mmoja wa bodi, ambaye tayari amepumzika na uongozi, alidai amri zote kwa kuwa cheo chake kilikuwa kikubwa. Bi. Wachuka hakubishana. Alimtungia amri ya pekee yenye jina lake; akiiandika, skrini humsalimu, humtajia tarehe na kumhakikishia kwamba mfumo uko imara. Haikufanya kingine chochote. Kwa miaka minne aliwaonyesha wageni mamlaka yake, na hatujapata kuwa na mwenyekiti mwenye furaha kumshinda.

Mwandishi wa wasifu huu, Mutahi, alifika miaka mitatu iliyopita na shahada ya daraja la kwanza, akaomba akaunti kuu. Alipewa amri mbili: ya kupima nafasi iliyobaki kwenye diski, na ya kuwasha printa upya. Akaandika hoja ya kurasa saba, yenye tanbihi, kuthibitisha kwamba anayewanyima wengine hujipendelea mwenyewe. Bi. Wachuka aliisoma yote. "Hii barua yako ni mzuri sana," akasema. "Sasa enda uangalie ile printa ya maternity, ati imekwama tena." Kisha akamwongezea amri ya tatu: kusoma daftari ambamo mashine huandika nani amefungua faili gani. Daftari hilo hutunzwa kwenye mashine nyingine, ambayo hata Bi. Wachuka mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuigusa.

Aprili mwaka huu mumewe, Mzee Theuri, alitolewa kipande cha uvimbe shingoni kikapimwe saratani. (Mzee ameruhusu jambo hili litajwe, kwa maandishi, mkewe alisisitiza.) Majibu yaliingizwa kwenye seva Jumanne asubuhi. Daktari alikuwa kliniki ya Doldol hadi Alhamisi. Kwa siku mbili nzima, majibu ya mumewe yalikuwa umbali wa amri moja kutoka vidoleni mwake, naye alishinda akimfungulia mkunga mpya akaunti.

Jumatano Mutahi alifungua daftari akiwa na hakika ya kulikuta jina la Bi. Wachuka na, tukiri, akiwa na hamu hiyo pia. Halikuwamo. Kesho yake alimkuta Bi. Wachuka kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, kikaratasi cha nambari arobaini na moja mkononi, akamuuliza kwa nini hakuangalia tu.

"Niangalie, alafu nikukataze wewe?" Hakumtazama. "Enda kazi, Mutahi. Na usikae hapa karibu, utanifanya nilie."

Uvimbe haukuwa saratani. Kurasa saba zilichanwa siku hiyo hiyo.

Jumatatu ya wiki hii alikabidhi kazi. Nenosiri la akaunti kuu limegawanywa: nusu anayo Mutahi, nusu anayo Sista Ndila, mkuu wa wauguzi, ambaye hapendi kompyuta na hapendi hoja ndefu. Hakuna atakayeingia bila mwenzake. Baada ya hapo Bi. Wachuka alifungua orodha ya ruhusa, akaonyesha mstari wenye jina lake mwenyewe, akampisha Mutahi kitini aufute. Kidole kilikaa juu ya kitufe kwa muda mrefu kuliko kazi hiyo inavyohitaji.

"Futa, bwana," akasema. "Ukiniacha hapo nitakuwa nakuchungulia kutoka nyumbani Giakanja."

Mstari ulifutwa. Bi. Wachuka, tunakushukuru kwa utumishi wako wote. Tunakuombea wewe na Mzee Theuri afya njema, mvua ya kutosha shambani, na asubuhi nyingi ambazo hakuna anayekupigia simu kuomba chochote. Sisi, hata hivyo, tutapiga.