Mabesi ya Honi si ya Stanley

Sogeeni, wanangu, pumzi niliyobaki nayo si ya kupigia kelele. Na wewe Stanley toka hapo mlangoni, kaa karibu na mkeo nikuone vizuri ninapokunyima.

Shamba la Mlali ni la binti yangu Angelina, asibishe mtu. Yamebaki mabesi yangu mawili ya honi, yale masanduku ya muziki wa harusi yaliyowalisha nyote, na mmekuja hapa mkijua ni ya Stanley kwa kuwa ndiye mwanamume. Basi sikilizeni.

Spika iliyomo mle inahimili wati mia sita za kudumu. Elfu mbili na mia nne iliyoandikwa mgongoni ni ya kufumba na kufumbua tu, anayeiamini ni mjinga. Honi, lile bomba la mbao lililo mbele yake, inaibana koni, ile karatasi inayotikisika, isiruke, ndiyo maana kwa nguvu kidogo inatikisa ukumbi, na mjinga akichungulia akaona imetulia, anadhani haijashiba. Ukiishushia sauti nzito kuliko inayoimudu, honi inaiachia, koni inapiga hewa tupu mpaka inachanika, na koili, ule waya uliosokotwa nyuma ya koni, uliofungiwa sandukuni bila upepo, inaungua.

Hayo nilikufundisha, Stanley, hujaota ndevu. Harusi ya binti wa Bartolomayo, pale Nzuguni, mshereheshaji akapaza sauti, "Besi iko wapi?" nawe kichwa kikavimba, ukachomoa krosova inayozuia zile sauti za chini, ukafungulia amplifaya mpaka mwisho. Mkeo Dorkasi akakwambia, "Baba Devota, nasikia harufu, punguza." Ukamjibu, "Nenda kapakue pilau." Besi ikafa, bibi harusi akaingia kimya kama anaingizwa kaburini, nawe ukaja kunidanganya eti umeme ulipanda. Niliifungua spika kwa mikono yangu hii. Koili nyeusi tii, koni imechanika ukingoni. Umeme gani unachana koni?

Usilie. Machozi hayapoozi koili.

Niliisuka upya, na mabesi yote mawili ni ya Dorkasi. Si ya nyumba yenu, ni yake. Wewe utabeba, utapakia, utashusha, na ukitaka kugusa kitufe umwombe mkeo mbele za watu. Siku ya kunizika apige yeye, wewe ushike waya.

Mungu awape... ngojeni. Awape masikio, wanangu, na riziki isiyo na uongo. Dorkasi, mkwe wangu, washa niyasikie. Taratibu. Ongeza... hapo. Hapo panatosha. Stanley... toa mkono hapo.