Mustang ya Kijani ya Obadia Mazengo

Mchungaji, wazee wetu, majirani, nawasalimu, mbukwa. Mimi ni Asnath, dada mkubwa wa marehemu. Huu ni wasifu wa tatu ninaousoma katika uwanja huu, na sauti imeshachoka, kwa hiyo mnivumilie.

Ndugu yetu Obadia Melkizedeki Mazengo alizaliwa hapa Itigi tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa pili wa mzee Melkizedeki, aliyekuwa kibarua wa reli, na mama yetu Elizabeti. Siku ya ubatizo alilia ibada nzima, mpaka treni ilipopiga honi stesheni ndipo akanyamaza. Mama aliisimulia hiyo hadi anaingia kaburini.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, kuanzia 1963 hadi 1969. Hakuwa mtu wa vitabu, tusidanganyane mbele ya jeneza. Mwaka 1973 alipelekwa Tabora kujifunza ufundi wa injini, na huko ndiko alikojipata.

Alifanya kazi reli hadi alipopunguzwa mwaka 1996, kisha akafungua gereji nyuma ya nyumba hii. Lakini ugonjwa wake wa magari ulianza zamani. Mwaka 1979 mhandisi mmoja Mmarekani, aliyekuwa akichimba visima njia ya Rungwa, alirudi kwao na kumwachia gari lake, kwa kuwa marehemu ndiye pekee aliyeliweza. Lilikuwa Mustang la mwaka 1969, la kijani, milango miwili, injini kubwa kuliko akili. Baadaye akaongeza Camaro lisilo na injini, alilolitoa Dodoma juu ya behewa, na Dodge ambalo kuku wa mkewe wanatagia humo mpaka leo.

Ukimuuliza thamani ya vyuma hivyo, ujiandae kukaa. Alisema gari la namna ile halithaminiwi kwa kung'aa. Linathaminiwa kwa kile ambacho hakijaguswa: rangi ya kiwandani hata kama imepauka, na injini ileile lililozaliwa nayo, namba ya injini na ya bodi zilingane. Jamani, alitusemesha hayo mpaka ugali ukapoa. Sisi tulikuwa tunaitikia "ehe, ehe" huku tunamega.

Tarehe 5 Septemba 1981 alifunga ndoa na Selina, kule Manyoni. Bibi harusi aliletwa Itigi kwa Mustang hilo, likazima njiani, akashuka na shela lake akasukuma. Selina husema siku ile ndipo alipojua kwamba ana mke mwenza. Hata hivyo kila jioni ni yeye aliyemkumbusha mumewe kulifunika turubai.

Mwezi Agosti mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Daktari alisema valvu imechoka, abadilishiwe, na si hapa karibu. Marehemu akacheka: "Valvu nimebadilisha maisha yangu yote, sasa zamu yangu." Kisha akasema neno ambalo hatukutegemea kulisikia: "Uzeni Mustang." Peniel, mwanawe aliyeko Dar es Salaam, akapata mnunuzi wa ng'ambo. Mthamini akapangiwa kuja wakati marehemu na Selina wako hospitalini Dodoma.

Mnajua desturi yetu. Mgeni akija, kuta zinasiribwa, uwanja unafagiliwa, jogoo anachinjwa. Alute, kitinda mimba wetu, aliona aibu mgeni akute gari limepauka na tena bubu, miaka mingi haliwaki. Akalipaka rangi nyeupe, likang'aa kama sahani. Ile injini iliyoganda akaing'oa, akaweka ya Toyota iliyo hai, na ya zamani akawapa wanunua vyuma chakavu, wakaondoka nayo. Alijichosha, kwa kuwa anampenda kaka yake. Mthamini alifika, akala jogoo, akafungua boneti, akaifunga taratibu.

"Nani kaligusa?" akauliza.

"Mimi hapa, mzee!" Alute akajibu kwa furaha.

Mnunuzi alijitoa jioni ileile. Tukauza ng'ombe, kanisa likachanga, Mungu awarudishie, lakini safari ya matibabu ikachelewa. Marehemu alifariki hapa nyumbani, Jumanne tarehe 13 Mei 2025, alfajiri.

Yanayofuata hayamo kwenye ratiba mliyoshika. Tangu juzi nasikia maneno, kwamba Alute kamuua kaka yake. Yanasemwa kwenye foleni ya chakula, tena na watu wenye sahani mkononi. Acheni. Nimechoka kuzika ndugu, sina nguvu ya kuzika na undugu. Alute hajatia kitu kinywani tangu Jumanne. Yuko kule nyuma amejikunyata ndani ya Dodge, pamoja na kuku.

Marehemu aliporudi kutoka Dodoma alilikuta gari jeupe. Aliumia, siwafichi. Kisha akamwambia mdogo wake, "Haya, liwashe." Alute akaliwasha. Gari ambalo halikutembea tangu mwanawe Calist yuko chekechea, likanguruma uwanja mzima. Marehemu akapanda, akateremsha kioo, wakaenda stesheni na kurudi. Ikawa hivyo kila jioni, mpaka aliposhindwa kuinuka.

Siku moja akaniambia, "Dada, miaka yote hii nimelitunza lisiguswe. Kumbe nilikuwa na hamu ya kupanda."

Ameacha mjane, Selina, watoto watatu, Peniel, Dina na Calist, wajukuu saba, dada mmoja, ambaye ni mimi, na mdogo wake mmoja, Alute, ambaye marehemu aliagiza kwa kinywa chake kwamba ndiye atakayeendesha Mustang mbele ya jeneza hadi makaburini. Selina alikuwepo, nami nilikuwepo.

Mungu amlaze ndugu yetu mahali pasipo na kutu. Na wewe Alute, najua unanisikia, toka huko kwa kuku. Funguo anazo shemeji yako. Washa gari, kaka yako anasubiri.