Tundu la Inchi Tatu

MWINJUMA: Haloo? Nani mwenzangu?

BATULI: Ni Batuli, mjomba. Shikamoo.

MWINJUMA: Marahaba, mama. Hamjambo huko Zinga? Pole na ya jana, nimesikia —

BATULI: Umesikia, au uliona? Si ulikuwepo harusini Mlingotini.

MWINJUMA: Nilipita tu.

BATULI: Ulipita na maspika yako kwenye kigari chako cha Kirikuu.

MWINJUMA: Bi Kholood, mwenye harusi, ndiye aliyenipigia. Anasema besi yako inapuliza kama tairi lenye pancha, wageni wanacheka. Ningeacha harusi ya watu iharibike?

BATULI: Nikaambiwa nizime, bibi harusi yuko palepale. Kazi yangu ya kwanza tangu baba afariki.

MWINJUMA: Ndiyo kujifunza huko. Kila fundi — haloo? Unakatika.

BATULI: Nakusikia. Mjomba, siku ile nilikuja kwako na mbao zangu. Nikakuuliza, spika ya inchi kumi na tano, tundu la upepo niweke bomba la ukubwa gani. Ulinijibuje?

MWINJUMA: Mambo mengi, mwanangu, siwezi kukumbuka —

BATULI: Inchi tatu. Nikasema mbona dogo, upepo wote huo utapita wapi? Ukasema dogo ndilo linalobana besi.

MWINJUMA: Inategemea boksi. Wapo wanaoweka tatu.

BATULI: Wewe unaweka ngapi?

MWINJUMA: Mtandao huu...

BATULI: Jana watu walipokwenda kula, nilipiga magoti mbele ya boksi lako, nikaingiza mkono tunduni. Ukazama mpaka karibu na kiwiko. Inchi sita, na bomba lenyewe refu, futi nzima. Kipimo cha baba.

MWINJUMA: Baba yako alinifundisha mwenyewe —

BATULI: Najua. Ndiyo maana nilikuja kwako.

MWINJUMA: Sikiliza, Batuli. Kubeba maspika, kulala kwenye harusi za watu, mtoto wa kike... Nilitaka uchoke mapema. Uniachie karakana ya shemeji, wewe ukae na mama yako. Sikuwa na ubaya.

BATULI: Ungeniambia. Ningekasirika, lakini ungekuwa umeniambia.

MWINJUMA: Basi nimekosa. Yaishe, ee?

BATULI: Asubuhi nimekata tundu upya, nikaweka bomba la inchi sita. Halipulizi tena. Jumamosi naenda na boksi hilo Miono, kwenye harusi ya akina Ashatu.

MWINJUMA: Miono? Ile kazi mbona wali —

BATULI: Walikuwa wamekupa wewe. Mchana nimewapelekea boksi wakalisikia.

MWINJUMA: Haya. Riziki anagawa Mungu. Ila dada asijue haya mambo, presha yake unaifahamu —

BATULI: Yuko hapa. Simu iko mezani, tunasikiliza wote.

MWINJUMA: Dada? Shikamoo, dada.

(kiti kinasogezwa)

MWINJUMA: Dada, shikamoo. Batuli, mwambie —

BATULI: Amekusikia, mjomba. Ameinuka, ameingia ndani. Dakika zangu zinaisha. Kwahe —