Lori la Mabaki

Pale mtaa wa Mbotela, kando ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, pana benchi ambalo mguu wake mmoja ni tofali, na ambalo limejua siri za watu kuliko chifu mwenyewe. Asubuhi hiyo Abdurahim, muuza kahawa kutoka Garissa, alikuwa ameshamimina duru ya kwanza. Bi Salme, mzaliwa wa Majengo, mama ambaye umbea ukimpita bila kumsalimu hushikwa na homa, alikaa upande wa kivuli. Njogu, fundi wa redio waliyembandika jina Setilaiti kwa kuwa hunasa hata yasiyotangazwa, alikaa katikati. Pembeni alikuwa Muasya, dereva wa malori, mtu mnene wa shingo mbili, ndani ya shati ambalo mkewe Kamene alikuwa amelipiga pasi mpaka kola ikasimama. Tangu lori la simiti alilokuwa akiendesha liuzwe, Muasya hakuwa ameshika usukani. Leo amepata kazi, na lori litampitia hapo hapo kijiweni. Lakini kikombe kilimtetemeka mkononi, kahawa ikamchoma kidole, na wala hakusikia.

— Buda, Njogu akamwambia, msee amepata job halafu anatetemeka?

— Si ni baridi.

— Baridi gani na unatoka jasho?

Muasya akatazama barabara, kisha akashusha sauti.

— Binti mmoja wa hao walioniajiri alinipigia nikiwa Jogoo Road, magari yanapiga honi. Nilishika vipande tu. Mara "mabaki." Mara "kaburi." Mara "mafuta ya ndege."

Bi Salme akaweka kikombe chini taratibu.

— Mabaki ya nani?

— Sikuuliza, mama. Nilikuwa nataka kazi.

— Subhanallah! Mabaki ni ya maiti, Muasya. Ugali uliobaki ni kiporo, nyama iliyobaki ni makombo. Mabaki ni ya marehemu! Hata kwenye taarifa ya habari husema hivyo.

— Na wenye kazi ni kina nani? Abdurahim akauliza.

— Nchi tatu. Wajerumani, Wabrazili na serikali yetu. Wamefanya ushirikiano.

— Nchi tatu kwa lori moja? Hata ngamia hachinjwi na watu wengi hivyo.

Njogu akasimama. Setilaiti akisimama, ujue amenasa.

— Maze, bango lao nililiona Makadara. Limeandikwa "nishati hai." Hai! Yaani mafuta yanatoka kwa kitu kinachopumua.

— Bi Salme anasema maiti, wewe unasema hai, Muasya akalalamika. Chagueni basi nijue naogopa kipi.

— Vyote, buda! Wanaanza na wa makaburini. Hao wameshakauka, hawana mafuta. Kwa hivyo wanageukia walio hai. Na ndege haiwezi kupaa kwa mafuta ya mtu mwembamba.

Macho yote yakatua kwenye tumbo la Muasya. Akajaribu kuliingiza ndani, likakataa.

— Walikupima? Bi Salme akanong'ona.

— Dereva lazima apimwe. Macho, damu... na kilo.

— Kilo!

— Mbuzi huwekwa kwenye mizani siku gani? Abdurahim akauliza. Kabla ya kuuza kahawa alikuwa akiuza mbuzi.

— Wahenga walisema, Njogu akaongeza, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa atapona vipi kama hawajamuumiza kwanza?

Wakacheka, hata Muasya akacheka kidogo. Bi Salme ndiye hakucheka.

— Kule kwetu kuna kijana aliingia gari lisilo na namba. Kwao waliambiwa ni mara moja tu, atarudi. Mama yake mpaka leo humwekea chakula.

Kicheko kikazimika kama mshumaa. Muasya akatoa simu, akaizima. Asipoenda, atamwambia nini Kamene? Na akienda asirudi, nani atakayemwambia Kamene?

Hapo lori likasimama, jeupe, limechorwa jani la kijani mlangoni. Ndani alikaa mzungu aliyekuwa akitafuna mandazi. Akashuka binti mwenye beji shingoni.

— Hamjambo, wazee wangu? Naitwa Khalayi. Namtafuta Bwana Muasya, dereva; tumeongea kwa simu tu.

Njogu akajisogeza mbele ya Muasya.

— Muasya alihama, Njogu akasema. Alienda Pipeline.

— Mowlem, Bi Salme akasema wakati huo huo.

Khalayi akamgeukia yule mnene. Na Muasya, huyo huyo, akasikia mdomo wake ukisema:

— Huyo Muasya hata mimi simjui vizuri.

— Hata simu yake imezimwa. Bahati mbaya, binti akasema. Tulimchagua yeye kati ya wengi. Tunaenda Makueni kuchukua mbegu za mbono kaburi, na mabaki ya maganda yake.

— Mbono nini? Bi Salme akauliza.

— Mbono kaburi, mama. Ni mti tu, wa kuzungushia boma. Watu huupanda makaburini kwa sababu mbuzi hawali majani yake, ndiyo ukaitwa hivyo. Mbegu zake hukamuliwa mafuta, yakachanganywa na ya ndege. Wageni wanaleta mitambo, wakulima wetu wanaleta mbegu. Na dereva tunamwajiri kwa miaka, si kibarua.

Bi Salme akajifunika uso kwa kanga. Njogu akainama, akaanza kuchunguza machicha ya kahawa kama mganga.

Khalayi akatazama saa. Akatazama lori. Kisha akatazama ile mikono mipana iliyokuwa imeshika kikombe kama usukani.

— Na wewe, mzee, unajua kuendesha lori?

Mkono wa Muasya ukapanda mpaka mfuko wa kifuani, mahali leseni ilipolala na jina lake lote, ukasita hapo kama wa mtu anayeumwa moyo. Benchi zima likamtazama.