Wesley Kiptum arap Chepyegon, Fundi wa Upande B (1958–1997)

Marehemu Wesley Kiptum alizaliwa tarehe 3 Juni 1958 hapa Kapsoit, mtoto wa tatu wa hayati Mzee arap Chepyegon na Mama Rebeccah, ambaye tunaye leo. Wazazi wake walikuwa wakulima wa majani chai na ng'ombe wa maziwa. Alibatizwa kabla hajajua kutembea, na maisha yake yote hakuwa na kanisa lingine.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1972. Alipita, lakini karo ya sekondari haikupatikana, akapelekwa Kericho mjini kujifunza ufundi wa redio. Mama Rebeccah husimulia kwamba likizo ya kwanza aliifungua redio ya nyumbani katikati ya taarifa ya habari, baba yake akiwa anaisikiliza.

"We Kiptum, umemwua mtangazaji!"

"Hajafa, baba. Amenyamaza kidogo tu."

Kabla ya chakula cha jioni mtangazaji aliongea tena, kwa sauti safi kuliko ya kwanza.

Mwaka 1977 aliajiriwa kuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha majani chai. Aliacha kazi hiyo mwaka 1986, akafungua karakana yake hapa sokoni. Alitengeneza amplifaya na spika, akazikodisha kwa harusi, harambee, mikutano ya injili na mazishi. Wengi wetu tuliokusanyika hapa tulizika watu wetu kwa vipaza sauti vyake. Wahubiri walimpenda kwa sababu ya mashine yake ya mwangwi. "Fundi, ongeza, wasikie mpaka Sotik!" mmoja alimwagiza. Kiptum akamjibu, "Mchungaji, nikiongeza zaidi utaanza kujibizana na wewe mwenyewe."

Mashine hiyo hakuinunua kwa ajili ya wahubiri. Aliinunua kwa ajili ya muziki wa dub. Kwa wasioujua: mafundi wa Jamaika walichukua wimbo uliokwisha kurekodiwa, wakatoa sauti za waimbaji, wakaacha ngoma na besi. Kisha waliruhusu neno moja moja lirudi kwa mwangwi, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Marehemu aliamini kwamba fundi naye ni mwanamuziki, na kwamba kutoa kitu ni kazi sawa na kuweka.

Alimwoa Janeffer kanisani mwezi Disemba 1984. Mungu aliwapa Winny na Kipchoge. Nyumba yao ilikuwa na waya mpaka chini ya kitanda, na Janeffer hakulalamika sana.

Mwaka 1994 kwaya ya kanisa letu, chini ya Mama Phelis Nyabate, mchumaji chai, ilimwomba airekodi. Upande A wa kanda aliweka nyimbo zao kama walivyoimba. Upande B aliweka nyimbo zile zile kwa mtindo wa dub, akidhani hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote alizowahi kulipatia kanisa. Jumapili ya tarehe 20 Novemba kanda ilizinduliwa, na upande B ukachezwa mbele ya ushirika mzima. Besi ilitikisa madirisha. Waimbaji hawakusikika.

Mzee wa kanisa akasimama. "Fundi, neno la Mungu liko wapi?"

"Liko hapo hapo, mzee. Ngoja, litarudi."

Watu wakangoja. Likarudi neno moja, "njoo", likajirudia hadi likafifia. Wasichana wa nyuma wakacheka, na mzee akaichomoa kanda. Wiki iliyofuata marehemu alitengwa na meza ya Bwana mpaka akiri mbele ya watu kwamba amefanya dhambi.

Hakukiri, wala hakuhama kanisa. Kila Jumapili aliketi benchi la mwisho, na sahani ya mkate ikampita. Janeffer alimsihi: "Baba Winny, sema samahani yaishe." Alimjibu: "Nikijua nimekosa nini, nitasema leo hii."

Mwaka 1995 rafiki yake wa shule, Mosoti, alimtumia kutoka Uingereza kanda za muziki mpya wa vijana wa huko, jungle na techno, unaotengenezwa kwa kompyuta. Mama Phelis alimkuta karakanani akizisikiliza.

"Ngoma hii inakimbia kama inafukuzwa na nyuki," alisema.

"Na chini yake?"

"Chini kumetulia."

"Basi hiyo ya chini ndiyo dub, mama. Wameongeza mbio, lakini nafasi zile wameziacha wazi. Na huko hakuna anayewauliza maneno yameenda wapi."

Alicheka aliposema hivyo. Mama Phelis anasema hakuwa na furaha.

Ugonjwa wa figo ulimwanza katikati ya mwaka 1996. Alitibiwa hospitali ya Kaplong, akaruhusiwa, akarudishwa tena. Mwezi Februari mwaka huu wazee wa kanisa walimtembelea nyumbani. Walimwambia kwamba akiri tu mbele ya mashahidi wawili, naye atapewa meza hapo kitandani. Alikuwa amechoka hata kuinua kichwa.

"Naitaka hiyo meza, wazee wangu," alisema. "Lakini siwezi kumdanganya Mungu ndipo nipewe mkate wake."

Waliomba, wakaufunga mkate wao, wakaenda. Alifariki Alhamisi tarehe 10 Aprili 1997, alfajiri, Janeffer akiwa amemshika mkono.

Leo hakuna mchungaji hapa. Waimbaji mnaowaona hawakutumwa na kanisa. Wamekuja bila sare, kama majirani, wakijua kwamba Jumapili wataulizwa. Wako waliosema wiki hii kwamba tumwombee msamaha marehemu ili arudishwe kundini. Familia imekataa. Alikuwa kundini. Aliomba mkate akiwa hai, na mtu aliyekufa hali chakula.

Ameacha mama yake Rebeccah, mkewe Janeffer, watoto wake Winny na Kipchoge, na ndugu zake watano; wajukuu watakaozaliwa hakungoja kuwaona. Mungu, ambaye hakumpita hata Jumapili moja, ampumzishe kwa amani.