Saa Nane ya Najma na Saa Nane ya Brigitte

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Uliye Jeppestown kwenye cherehani, uliye Soweto nyuma ya kaunta ya kiduka cha spaza, na wewe uliyekwama kwenye roboti, taa za barabarani, pale Randburg, ongeza sauti kidogo. Mimi ni Suhaib wenu. Mmezoea nikianza kwa utani, lakini leo utani umenikauka mdomoni.

Leo tunamkumbuka Najma Shehoza. Mzaliwa wa Tanga, mkazi wa Jeppestown, mama wa kreshi. Ametutoka mwezi uliopita akiwa bado mwanafunzi wa chuo, amebakiza somo moja tu. Somo moja, wasikilizaji. Hesabu.

Wengi wenu mnamjua. Ni yule mama wa mlango wa bluu, jirani na gereji. Wasusi na washonaji walimwachia watoto asubuhi, wakawachukua jioni wameshiba na wameoga. Na alikuwa na sheria moja pale mlangoni. Ndani ya kreshi ni Kiswahili tu. Watoto wetu hawa wa Joburg mnawajua, unamwambia njoo ule, anaelewa vizuri kabisa, halafu anakujibu kwa Kizulu. Najma hakutaka kusikia hayo. Hata mzazi akipiga simu saa za kreshi akaanza na Kiingereza, aliambiwa akiache nje pamoja na viatu. Sheria hiyo ishikeni, maana nitairudia.

Sasa, kreshi ile ilikuwa haijasajiliwa. Ili isajiliwe, mwenye kreshi lazima awe na stashahada ya malezi ya watoto. Bila stashahada, siku yoyote wakaguzi wanakuja na kufuli lao. Najma akajiandikisha chuo kimoja cha mjini, sitakitaja. Masomo ya malezi akafaulu yote. Lakini chuo kile kina masharti yake. Uwe unasomea watoto, uwe unasomea upishi, lazima upite somo moja la hesabu.

Siyo hesabu za wahandisi. Ni hesabu za matumizi, kwa watu ambao hesabu siyo fani yao. Asilimia, kuhesabu kura, kugawana kitu kwa haki, kupita mitaa yote bila kurudia njia. Najma aliziita hesabu za sisi tuliokimbia hesabu. Mdogo wake, Nusaiba, ambaye alikuwa akiishi naye, ameniambia hivi: "Dada akiona alama ya kugawanya tu, anatafuta maji ya kunywa. Alikuwa anaogopa kweli kweli."

Aliyemtoa woga alikuwa Brigitte.

Brigitte ni msusi, mzaliwa wa Lubumbashi. Alikuwa anasomea uendeshaji wa ofisi, na yeye pia alilazimishwa somo lilelile. Walikaa dawati moja siku ya kwanza kwa sababu kila mmoja alimsikia mwenzake akinung'unika kwa Kiswahili. Kuanzia hapo hawakuachana. Brigitte alimfundisha uwiano kwa rangi ya nywele, rangi kiasi hiki, dawa kiasi hiki, ukizidisha mteja anatoka na kichwa cha chungwa. Najma akaelewa palepale. Naye Najma alipojifunza sura ya kugawana kwa haki, akaipeleka kreshi. Watoto wawili wanagombania gwinya moja? Mmoja akate, mwingine achague. Nusaiba anasema hujawahi kuona andazi linakatwa kwa makini namna ile.

Walikuwa marafiki hasa. Brigitte akipika sombe, kisamvu cha kwao, bakuli moja ni la Najma. Najma akipata mgonjwa kreshi, Brigitte anamnakilia masomo. Wakapanga kumaliza pamoja, wavae majoho pamoja, wapige picha moja.

Haya. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mtihani wa mwisho. Ulikuwa ufanyike Alhamisi jioni. Chuo kikapata taarifa ya kukatika umeme, kikausogeza hadi Jumamosi. Tangazo likabandikwa chuoni, na barua pepe ikatumwa, lakini Najma hakuwa na bando. Brigitte ndiye aliyeliona tangazo. Akampigia simu mwenzake saa hiyohiyo.

Na ilikuwa saa za kreshi, wasikilizaji. Ile sheria. Siku zote hao wawili walitajiana saa kwa Kiingereza, kama sisi sote hapa Joburg. Siku hiyo, kwa heshima ya mlango wa bluu, Brigitte akasema kwa Kiswahili. Mtihani ni Jumamosi, saa nane. Najma akashukuru, akakata simu.

Saa nane. Wewe wa Tanga, wewe wa Unguja, umesikia nini? Mchana, baada ya adhuhuri. Na wewe wa Lubumbashi je? Asubuhi! Huko wanazitaja saa kwa mtindo wa Kifaransa. Neno moja, lugha moja, na katikati yake masaa sita.

Najma alifika chuoni mapema, kwa saa yake. Kalamu zimechongwa, baibui limepigwa pasi, maji mkobani. Akakuta mlango wa ukumbi wazi, na mfagizi anapanga viti juu ya viti. Mtihani ulikwisha asubuhi.

Alikwenda ofisini akaeleza. Wakamuuliza kama alikuwa anaumwa. Akasema hapana, alikosea saa. Wakamwambia kutojua saa siyo ugonjwa, arudie somo mwaka unaofuata. Na hivyo stashahada ikarudi nyuma mwaka mzima, na kreshi ikabaki bila usajili, na Najma akabaki akisikiliza kila gari linalosimama nje.

Akampigia Brigitte palepale kwenye ngazi za chuo. Nusaiba alikuwa amemsindikiza, kwa hiyo hili tunalijua. Najma alimwambia kila Mswahili duniani anajua saa nane ni mchana, kwa hiyo umefanya makusudi, umetaka umalize peke yako. Akakata. Hakupokea tena simu ya Brigitte.

Nilimtembelea Brigitte saluni kwake wiki iliyopita. Alisimamisha kazi, mteja nusu kichwa kimesukwa, akanieleza. "Mi nilimuambiaka saa nane. Huit heures. Ningejua namna gani kama kwake saa nane ni mchana? Nilienda kwake, hakunifungulia. Bakuli ya sombe nikairudisha na ikiwa moto." Akafuta macho kwa taulo la mteja, kisha akarudi kusuka.

Mwaka huu Najma akarudi darasani. Peke yake, dawati la mbele. Mwalimu wao anaitwa Octave, Mrundi, mtu mpole, na ndiye aliyenisimulia siku hii. Ilikuwa mwezi wa tatu, wamefika sura ya hesabu za saa. Ni hesabu ambazo namba zikifika kumi na mbili, zinarudi moja. Octave akauliza nani ana mfano kutoka kwao. Najma akanyoosha mkono. Akaeleza kwamba kwao saa zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza, kwa hiyo nane ya Kiingereza kwao ni mbili, na mbili ya Kiingereza kwao ni nane. Ongeza sita au toa sita, unafika palepale. Octave akafurahi, darasa likapiga makofi.

Ndipo Gaël, mwanafunzi mwenzao, mlinzi mzaliwa wa Lubumbashi, akasema kutoka nyuma kwamba si Waswahili wote. Kwao Lubumbashi saa nane ni nane ileile ya Kiingereza.

Octave anasema Najma aliketi chini taratibu, na hakuandika neno mpaka kipindi kikaisha. Mwalimu alidhani ameugua.

Hakuwa ameugua, jamani. Alikuwa amejua. Siku ile, mbele ya ubao, alijua kwamba Brigitte hakumdanganya. Mwezi wa tatu alijua. Angeweza kutoka darasani na kupanda teksi mpaka saluni. Nusaiba alimsihi. Najma akawa anasema wiki ijayo, kwanza nitafute maneno. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Aibu ilimshika ulimi. Nakwambieni kweli, hili linaniuma kuliko kifo chenyewe, kwa sababu kifo hatukipangi, lakini hili lilikuwa mikononi mwake na hakuna aliyemzuia.

Mwezi wa saba akaanza kuvimba miguu. Moyo ulikuwa umechoka, daktari akasema umetanuka. Akalazwa, akaruhusiwa kurudi nyumbani, akawa wa kitandani. Na hapo ndipo maneno yalipopatikana. Jumatano moja jioni akamtumia Brigitte ujumbe wa sauti. Brigitte amenisikilizisha, sauti ni ndogo, pumzi inakatika. "Brigitte, ni mimi Najma. Njoo kesho nyumbani, saa nane. Nina neno lako, nataka nikwambie uso kwa uso."

Brigitte akalia kwa furaha. Akajibu kwa neno moja, nakuja. Na safari hii hakutaka kukosea. Huyu ni mtu wa Tanga, akajiambia, na ugomvi wetu wote ni wa saa. Saa nane ya Najma ni mchana. Akapika sombe asubuhi, bila haraka, ajipange kufika mchana.

Lakini Najma naye hakutaka kukosea. Alikuwa amelisoma somo lake. Kwa kuwa aliyekuwa anaitwa ni Brigitte, alimtajia saa ya Brigitte. Saa nane ya Lubumbashi. Asubuhi.

Alhamisi ile aliamka mapema. Akamwomba Nusaiba amwogeshe, amsuke vizuri, maana anayekuja ni msusi na atamcheka. Akaegemezwa mito, uso mlangoni. Asubuhi ikapita. Nusaiba akataka kupiga simu kuuliza. Nimemwomba Nusaiba ruhusa kuwasomea jibu alilopewa, akanipa.

"Mwache. Mimi nimemfungia mlango mwaka mzima, na yeye ana haki ya kutokuja."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya Najma Shehoza yaliyosikika vizuri. Kabla adhuhuri haijaadhiniwa, moyo ukasimama.

Brigitte alifika mchana, kwa saa ya Tanga, bakuli mkononi. Akakuta viatu vingi mlango wa bluu na wanawake wanasoma Kurani. Akamuuliza Nusaiba kama amechelewa. Nusaiba akamwambia dada amekungoja tangu asubuhi. Brigitte akasema, lakini alisema saa nane. Wakatazamana. Wote wawili wakaelewa kwa pamoja, pale mlangoni, na Brigitte akaketi chini katikati ya viatu vya watu.

Wasikilizaji wapendwa, mara ya kwanza walikosana kwa kuwa kila mmoja alishika saa yake. Mara ya pili wamekosana kwa kuwa kila mmoja alishika saa ya mwenzake. Sina la kuongeza hapo. Ila nina la kuwaomba. Sisi hapa Joburg tumetoka kila upande, na tunajidanganya kwamba kwa kuwa sote tunasema Kiswahili, basi tunaelewana. Ukiambiwa saa, uliza ya asubuhi au ya mchana, haigharimu kitu. Na kama kuna mtu umemfungia mlango, na umeshajua kwamba kosa halikuwa lake, usitafute maneno mazuri. Nenda na mabaya uliyonayo, mpelekee leo.

Pole nyingi kwako Nusaiba. Pole kwa mama mzazi kule Tanga, anayetusikiliza kupitia simu ya jirani, mama, mwanao alitupendea watoto wetu. Pole kwa watoto wa kreshi na kwa mwalimu Octave na darasa lake. Na wewe Brigitte, dada yetu, pole yako naiweka peke yake. Najma alikuita, nawe ulikwenda, na hayo mawili hakuna wa kuyafuta. Mungu amrehemu.

Hitima ni Jumapili hii, mlango wa bluu, Jeppestown. Saa nane. Nasema vizuri, saa nane mchana, ya Tanga. Brigitte ameniomba niwaambie kwamba yeye atakuwa pale tangu saa nane ya asubuhi, ya Lubumbashi. Atakaa mlangoni angoje.