Foleni ya Alhamisi

Benchi la Gavana lilikuwa ubao wa kitanda kilichovunjika, umelazwa juu ya matofali kwenye kibaraza cha duka lililofungwa, mkabala na ukuta wa hospitali ya wilaya. Sera mpya ya afya ya akili ilipofika mjini, hospitali haikuwa na chumba cha ziada, basi mafundi wakatoboa mlango kwenye stoo ya pembeni, mlango ukatazama barabarani. Wakaupaka rangi ya buluu na juu yake wakaandika, kwa herufi zinazosomeka hadi stendi ya magari yaendayo mji wa Bo: AFYA YA AKILI, ALHAMISI. Kati ya mlango huo na benchi palikuwa na upana wa barabara tu. Kila Alhamisi nesi alifungua asubuhi na kufunga adhana ya adhuhuri ikilia, na siku hiyo benchi lilijaa kuliko siku yoyote ya wiki.

Vandi, fundi wa simu, alikaa ncha ya benchi, mkono mmoja mfukoni. Ndani ya mfuko vidole vyake vilikuwa vimeshika pakiti tupu ya vidonge, kila kitundu kimeshapasuliwa. Alikuwa amekuja nayo ili amwoneshe nesi jina la dawa. Tangu afike alikuwa akisubiri ataya, chai ya povu inywewayo raundi tatu, iishe, wenzake watawanyike, avuke barabara.

— Redio ya Freetown imesema tena jana, alisema Gavana, mwenye birika, huku akipuliza mkaa. Sera ishazinduliwa. Kila wilaya chumba, nesi na dawa. Tena bure!

— Cha bure kina wenyewe, alijibu Breki, dereva wa pikipiki aliyepewa jina hilo kwa sababu pikipiki yake haina. We Gavana, umeona mtu kaingia pale leo?

— Hajaingia mtu.

— Na wiki iliyopita?

— Aliingia paka.

Wakacheka. Vandi naye akacheka, ila alichelewa kidogo, kikawa kicheko cha peke yake mwishoni.

— Sasa sikilizeni niwape siri, Breki akaendelea. Yule nesi hatibu mtu. Anaandikisha. Ukiingia tu, jina lako linapanda gari la Freetown. Uchaguzi ukifika, unaambiwa wewe pita pembeni, huna akili timamu.

— Kwani waliokuchagulia mbunge wako walikuwa timamu?

— Ndiyo maana wanataka kuwapunguza!

Profesa akainua kidole. Alikuwa amefundisha darasa la tatu maisha yake yote, akastaafu na methali zote, ila bila mahali pa kuziweka.

— Nyumba njema si mlango.

— Ah, Profesa! Hii ubaya wake ni huohuo mlango. Ukishika kitasa tu, wauza samaki wa stendi washajua ukoo wenu mzima.

Vandi alikitazama kitasa. Kilikuwa cha shaba, kingali kinang'aa. Hakikuwa kimeshikwa vya kutosha kuchakaa.

Mwanzoni watu waliingia. Alhamisi ya kwanza kabisa alikwenda Mama Yema, mshonaji, ambaye alikuwa hapati usingizi tangu amzike binti yake. Alipotoka Breki alimpa jina, Mke wa Waziri, kwa kuwa serikali imemfungulia chumba peke yake, na hadi leo mama yule akienda sokoni huzungukia nyuma ya msikiti. Baada yake akaja mwalimu kijana, mpole, aliyekuwa akiinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza. Huyo aliitwa Antena. Watoto wa shule walilidaka jina siku ileile, na muhula haujaisha mwalimu akaomba uhamisho. Jina la Antena lilitoka kinywani mwa Vandi. Lilimtoka tu, kama chafya, na benchi likacheka mpaka Gavana akamwaga chai.

Kwa hiyo Vandi alijua benchi linaweza nini. Alikuwa fundi wake.

Yeye mwenyewe hapo walimwita Balozi, kwa sababu mdogo wake, Jusu, alikuwa Conakry, huko Guinea, kwenye biashara ya dhahabu. Hivyo ndivyo alivyowaambia. Jusu hakuwahi kufika Conakry. Aliugua akiwa chuoni, akatibiwa Freetown, akarudishwa nyumbani na tangu hapo yuko chumba cha nyuma, kwa Vandi. Akinywa dawa alikuwa mtu kamili: alipiga pasi nguo za nyumba nzima, aliwafundisha watoto hesabu, alimshinda Vandi kwenye bao bila huruma. Dawa zilikuwa zikija na binamu yao dereva wa lori. Binamu alipohamishiwa njia nyingine, Vandi alianza kuvikata vidonge nusu. Kisha nusu nazo zikaisha. Kila Alhamisi alitoka nyumbani kufuata nyingine, na kila Alhamisi alirudi mikono mitupu akisema, "Foleni ilikuwa ndefu, mdogo wangu. Zamu haikunifikia."

Asubuhi hii Jusu alikuwa amemsindikiza hadi mlango wa uani. Macho yake yalikuwa mekundu. Usiku kucha alikuwa akikunja nguo na kuzikunjua.

"Kaka, naona inarudi," alisema taratibu. "Redio inapunguza sauti nikiingia. Fanya uipate leo, wakati bado nakubali kumeza. Unanijua nikishakataa."

Vandi alimjua. Mara ya mwisho yeye na binamu walimtoa usiku katikati ya shamba la mpunga, maji yamefika kifuani, akiwasukuma waliokuja kumwokoa.

— Balozi! Gavana alimgutusha kwa kumpa glasi. Umepoa sana leo. Vipi huko Conakry?

— Conakry… shwari.

— Mdogo wako kapata mke?

— Bado anachagua.

— Mwambie asichague sana, alisema Profesa. Chaguachagua huvunja koleo.

— Profesa, koleo limeingiaje?

— Limeingia kwa mlango.

Raundi ya pili ikamiminwa kutoka juu, povu likapanda. Birika lilikuwa likivuja, tone baada ya tone, juu ya mkaa. Gavana alimega kipande cha sabuni, akakandika penye ufa.

— Unatunywesha sabuni, bwana! Breki akalalamika.

— Mbona siku zote mnakunywa na hamsemi?

— Mficha maradhi kifo humuumbua, Profesa akalitangazia birika.

Wote walicheka, kwa sababu kwa mara ya kwanza methali ilikaribia mahali pake. Vandi aliinama akaangalia ndani ya glasi. Masikio yalimwaka moto, akahisi kama kila mtu ameyaona.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimefupika. Raundi moja tu ilibaki. Ikiisha, aliwaza, Breki atarudi stendi, Profesa ataenda kutawadha, Gavana atamwaga majivu nyuma. Nami nitabaki nikijifanya natafuta kiatu, kisha nivuke.

— Mimi sikubaliani na hayo ya kura, alisema Gavana. Ni petroli. Wanajua bei inapanda tena. Sasa watu wakipiga kelele, unawapa kidonge. Kila mtu kalala! Hata we Breki, utalala huku unaendesha.

— Huwa analala hata sasa, alisema Profesa. Lakini nyote hamjafika. Hili limetoka mbali. Wafadhili huko kwao wamewaponya wendawazimu wao wote, wakaisha kabisa. Sasa pesa ipo, wagonjwa hakuna! Ndipo wakauliza, Afrika mnao? Serikali ikajibu, tunao wa kutosha.

— Enhee!

— Na mradi una idadi yake. Wilaya isipofikisha, lazima wafikishe. Mtaona gari linapita taratibu. Litaanzia wapi kuokota? Vijiweni!

Breki alitazama barabara upande huu, akatazama upande ule. Kisha wakaangua kicheko hadi benchi likatikisika, na Vandi akacheka kwa nguvu kuwapita wote, kwa sababu kicheko kilimpa nafasi ya kupangusa macho.

— Kwa hilo, alisema Breki, tuongeze raundi! Akachomoa mfukoni pakiti mpya ya majani na fundo la sukari, akampa Gavana. Leo mimi nalipia. Haondoki mtu!

Gavana akamimina raundi ya tatu, akaosha birika. Maji mapya, mkaa mpya. Vandi alihesabu moyoni muda wa kuchemka, akaona adhana italia kabla glasi hazijaisha.

Simama, alijiambia. Sema unakwenda kumpelekea nesi simu yake. Alitafuta simu ya kumpelekea. Sema umeumwa kichwa. Hapana, usiseme kichwa.

Hakusimama.

Mtu alikuwa akija kutoka upande wa stendi. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ilisimama kama karatasi, na vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Miguuni alivaa kandambili za kike, nyekundu. Vandi alizitambua kandambili kabla ya uso. Zilikuwa za mkewe.

— Salaam aleikum, wazee wangu.

— Wa aleikum salaam, benchi likaitikia.

Breki alikodoa macho.

— Subirini kwanza. Huyu si Jusu? Mtu wa Conakry! Umeingia lini, bwana mkubwa?

— Conakry? Jusu alitabasamu kama mtu aliyeulizwa kuhusu jirani asiyemfahamu. Mimi nipo hapahapa, kaka Breki. Nipo chumba cha nyuma.

Hakuna aliyemtazama Vandi. Alitamani wangemtazama.

Jusu aliuangalia mlango wa buluu ng'ambo ya barabara, akasoma maandishi yake polepole. Kisha akaligeukia benchi: wanaume waliokaa kwa mstari, bega kwa bega, wote wameelekea mlango. Uso wake ukalainika.

— Kaka amekuwa akiniambia foleni ni ndefu, zamu haimfikii. Nikasema leo nije nimpokee, naye akapumzike. Hakunieleza kwamba na ninyi mnaumwa. Poleni sana, wazee. Wa mwisho ni nani, nikae nyuma yake?

Birika lilikuwa juu mkononi mwa Gavana. Chai iliendelea kushuka, ikajaza glasi, ikafurika, ikamwagika juu ya vidole vya miguu yake, naye hakuvuta mguu. Breki, ambaye hajawahi kumwacha mtu apite bila jina, alichomoa funguo za pikipiki akaanza kuzihesabu. Profesa alichezea tasbihi.

— Nimeuliza vibaya? Jusu akasema.

— Hapana, mwanangu, Gavana akajibu kwa sauti ndogo. Hujauliza vibaya.

Jusu alingoja kwa adabu, kisha akaketi kwenye ncha ya benchi, karibu na kaka yake, akaweka mikono juu ya magoti. Akaufunika mmoja kwa mwingine.

Adhana ikalia.

Nesi alitoka. Alimsukuma paka nje kwa ncha ya kiatu, akavuta mlango, akafunga kufuli. Alitupa macho kwenye benchi, kama afanyavyo kila Alhamisi, akafungua mwavuli, akaanza kuondoka.

— Basi na leo haikutufikia, alisema Jusu. Akampapasa Vandi mgongoni. Usijali, kaka. Ni kweli. Foleni ni ndefu.

Vandi hakukumbuka baadaye kama aliiweka glasi chini au aliiangusha. Alijikuta katikati ya barabara, lori la Bo linampigia honi, mkono wake juu, na ndani yake ile pakiti tupu inayometameta juani mbele ya stendi nzima.

— Nesi! alipiga kelele. Nesi, usiende! Bado tuko kwenye foleni!

Wauza samaki wakageuka. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani. Nesi alisimama, akarudi hatua chache, ufunguo bado mkononi. Alimtazama Vandi, akaitazama pakiti. Kisha, juu ya bega lake, akawatazama wale wanaume ambao sura zao alizijua zote na hakuwahi kujua jina hata moja. Hakuonesha kukasirika. Alionekana kama mtu anayetaka tu kujua aandae viti vingapi.

— Haya, nafungua. Mko wangapi?

Vandi aligeuka kulitazama benchi. Jusu alikuwa ameshasimama, anasawazisha kola. Gavana alikuwa ameinamia mkaa, na Breki ameinamia glasi. Na Profesa alikuwa ameinua kidole nusu, hewani, wala haikujulikana kama anatafuta methali au anajihesabu.